Kufaa na Kufaana

Katika lugha yetu vitenzi viwili vya mzizi mmoja hukaa jirani: kufaa na kufaana. Kufaa ni sifa ya mmoja. Kufaana ni sifa ya wawili. Nataka kuchunguza katika insha hii kama ubora wa kitu umo ndani ya kitu chenyewe, au huonekana pale tu kinapokutana na mwenzake. Mfano nitakaoutumia ni wa watu wakusanyao amplifaya za kale za kuchezea santuri na kuzitafutia spika. Vyombo hivyo huitwa kwa Kiingereza hi-fi, maana yake uaminifu mkubwa wa sauti. Na Mswahili akilisikia jina hilo hakosi kutabasamu, kwa kuwa likitamkwa lafanana na neno haifai. Kichekesho hicho kina hekima, maana swali la mkusanyaji, tangu siku yake ya kwanza hata ya mwisho, ni kipi chafaa na kipi hakifai.

Amplifaya hupokea umeme dhaifu utokao kwenye sindano ya santuri, ikautia nguvu. Spika huupokea umeme huo, ikaugeuza kuwa mtikisiko wa hewa. Nguvu ya ile ya kwanza hupimwa kwa wati. Wepesi wa ile ya pili, yaani kadiri ya sauti inayotoa kwa wati moja ikipimwa umbali wa mita moja, huhesabiwa kwa desibeli. Hesabu hiyo ni kali. Spika iliyopungukiwa na nyingine kwa desibeli 10 huhitaji nguvu mara 10 ili ifikie sauti ile ile. Ikipungukiwa kwa 20, huhitaji mara 100. Kwa hiyo hapana awezaye kusema kwamba amplifaya fulani ina nguvu ya kutosha mpaka ameiona spika itakayoitumikia.

Marekani ilitoa mifano miwili ya jambo hili. Mwaka 1946 Paul Klipsch, wa mji wa Hope katika jimbo la Arkansas, alianza kuuza spika kubwa ya mfano wa pembe, ikaayo katika kona ya chumba na kuzifanya kuta zenyewe kuwa mwendelezo wa mdomo wake. Spika hiyo hutosheka na wati chache sana. Mwaka 1954 Edgar Villchur na Henry Kloss walianzisha kampuni ya Acoustic Research katika jimbo la Massachusetts, wakatengeneza sanduku dogo lililozibwa kabisa, ambamo hewa iliyofungiwa hufanya kazi ya springi. Sanduku hilo likatoa sauti nzito ambazo kabla yake zilidai kabati kubwa. Lakini bei ya udogo wake ilikuwa njaa ya umeme. Amplifaya ya wati 8 itiayo uhai katika pembe ya Klipsch itaonekana kama imepatwa na homa ikifungwa kwenye sanduku la Villchur. Je, imekuwa mbaya ilipohamishwa waya? La. Ni ile ile, na valvu zake ni zile zile.

Methali yasema kizuri chajiuza. Lakini haikuahidi kwamba vizuri viwili vikinunuliwa pamoja vitapatana. Wakusanyaji wengi huanza kwa dhana kwamba amplifaya iliyo bora kuliko zote ikiunganishwa na spika iliyo bora kuliko zote lazima izae muziki ulio bora kuliko wote. Tazama yaliyowezekana nchini Uingereza. Peter Walker wa Huntingdon alitoa amplifaya ya Quad II mwaka 1953, yenye wati 15. Mwaka 1957 akaanza kuuza spika isiyo na koni, ambayo utando mwembamba wa plastiki, uliotiwa umeme wa maelfu ya volti, hutikisika kati ya bamba mbili zenye matundu. Hata leo wako wasikilizaji wasemao kwamba sauti ya mwanadamu haijapata kutolewa kwa usafi kuliko huo. Hiyo Quad II na utando huo walikuwa ndugu. Mwaka 1975 kampuni ile ile ikatoa amplifaya ya wati 100, chombo imara kisichokuwa na aibu yoyote. Lakini ikiunganishwa na ule utando wa zamani bila kizuizi, umeme wake ukizidi mpaka, cheche huruka ndani na kuutoboa. Chombo chenye nguvu hakikuwa na kasoro. Chombo chororo hakikuwa na kasoro. Hata hivyo kimoja kimekiua kingine.

Lawama ni ya nani? Vyombo havina hatia. Lawama ni ya mkono ulioviunganisha pasipo kuuliza. Hapa ndipo jambo la wapenda santuri linapotuhusu sote, maana kila siku kuna mikono inayounganisha watu: mkuu ampaye mwalimu darasa, wazee waozao, mwajiri agawaye kazi. Mwalimu mwenye sauti ya kuamsha darasa zima la wavivu aweza kumvunja moyo kabisa mtoto mmoja msikivu. Tukiulizwa baadaye, twasema mwalimu alikuwa hodari na mtoto alikuwa na akili, kana kwamba sifa hizo mbili zatuondolea dhima.

Yuko atakayepinga, na hoja yake ni nzito. Atasema kwamba maendeleo yote ya ufundi huu yalikuwa ni kuikomboa amplifaya isitegemee mwenzake. Mwaka 1927 Harold Black wa Marekani aligundua kwamba sehemu ya umeme utokao ikirudishwa mlangoni na kulinganishwa na ule ulioingia, kosa hupungua sana. Kwa njia hiyo Harold Leak wa Uingereza aliweza kutangaza mwaka 1945 amplifaya yenye upotofu wa asilimia 0.1 tu, na mwaka 1947 D. T. N. Williamson akachapisha mchoro ulioigwa na mafundi wengi duniani. Chombo cha namna hiyo husema kweli mbele ya karibu kila spika. Basi ubora si umo ndani yake?

Nakubali, tena kwa furaha, kwa kuwa hoja hii hutuokoa na hatari nyingine. Lau ubora ungekuwa kufaana tu, kila mwovu angejitetea kwamba hajakutana na wa kufanana naye. Amplifaya inayopotosha sauti huipotosha kwa spika zote, na mwongo ni mwongo katika kila nyumba. Uaminifu ni wa kitu chenyewe, nao huja kwanza. Lakini uaminifu haujui mpaka wa mpokeaji. Ile amplifaya ya wati 100 ilikuwa aminifu kabisa ilipoutoboa utando. Mwenye kusema kweli bado hana budi kujua anamwambia nani, na kwa nguvu kiasi gani.

Transista ilipoenea, valvu zilitupwa kwa wingi Ulaya na Marekani, na katika miaka ya 1970 Wajapani walinunua amplifaya za kale za sinema ambazo wenyewe walikuwa wamezidharau. Tuwashukuru wakusanyaji. Lakini amplifaya iliyopangwa kabatini bila spika, kapasita zake zikikauka, imehifadhiwa umbo na kunyimwa kazi. Methali ya wazee wetu haikumtambua rafiki kwa thamani yake sokoni. Ilisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Basi mwenye busara huuliza maswali mawili, kwa utaratibu: kwanza, je, hiki ni cha kweli? Pili, je, nitakiweka na nani? Aulizaye la kwanza tu atakuwa na nyumba iliyojaa vyombo vya thamani na isiyo na muziki. Aulizaye la pili tu ataupatanisha uongo na uongo, akauita amani.