Kilo 134 Kutoka Hewani

Ol Doinyo Lengai, mlima wa wilaya ya Ngorongoro, hutoa lava ambayo haijaonekana kwenye volkano nyingine yoyote hai duniani. Imejaa kabonati za sodiamu na kalisi, na mojawapo ya madini yake, nyerereiti, limepewa jina la Mwalimu Nyerere. Huchuruzika ikiwa nyeusi na yenye nyuzijoto 500 hadi 600 hivi, karibu nusu tu ya joto la lava nyingine. Siku chache baadaye mtu akipita hapo hukuta imekuwa nyeupe. Kwa Wamaasai huu ni mlima wa Mungu, mahali pa kuombea mvua.

Weupe huo unapigiwa hesabu, tena hesabu ya kidato cha tatu. Tuchukue sodiamu kabonati peke yake, madini mengine tuyaweke kando. Ikifyonza unyevu na hewa ukaa, huweza kugeuka trona, kitu kilekile kilichomo kwa wingi kwenye magadi ya kulainishia maharage:

3Na₂CO₃ + CO₂ + 5H₂O → 2Na₃H(CO₃)₂·2H₂O

Kwa uzito, kushoto ni 318, 44 na 90. Kulia ni 452. Yaani kilo 318 za kabonati huzaa kilo 452 za trona. Anayepima jiwe peke yake, kabla na baada, ana haki ya kuapa kwamba kilo 134 zimeumbwa palepale mlimani. Na mama wa Karatu akinunua kilo ya trona safi kabisa, ajue kwamba ikichomwa sana itatoa gramu 199 za maji na 97 za hewa ukaa, abaki na soda (yaani sodiamu kabonati) gramu 704.

Mbona hakuna mwalimu anayekubali kwamba kilo 134 zimeumbwa?

Jibu rahisi ni kwamba mizani imethibitisha. Lakini historia haikwenda hivyo. Wakemia wa karne ya 18 walijua vizuri kwamba metali ikiunguzwa huongezeka uzito, na baadhi yao walikuwa tayari kudai kwamba kuna kitu chenye uzito hasi kilichotoroka. Antoine Lavoisier, Mfaransa aliyekuwa pia mkusanya kodi (kazi iliyomponza akakatwa kichwa mwaka 1794), alishika msimamo kwamba hakuna kinachozuka wala kupotea, kisha akaenda kukisaka kilichokosekana. Akakikuta hewani. Kanuni ilitangulia, mizani ikafuata.

Hapo ndipo mlinganyo unapogusa dini. Mwislamu na Mkristo wanaamini kwamba Mungu aliumba bila malighafi; mlinganyo hauruhusu hata gramu moja izuke. Wapo wanaoona ugomvi hapa. Ni haraka mno. Mlinganyo huanza vitu vikiwa vimeshakaa upande wa kushoto, na namna vilivyofika hapo si swali lake.

Swali gumu zaidi ni lile la Al-Ghazali. Katika kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa, mwishoni mwa karne ya 11, alichukua mfano wa moto na pamba: tunachoona ni pamba kuungua inapokutana na moto, hatuoni ulazima wa kuungua. Anayeunguza ni Mungu, nasi tumezoea tu desturi yake. Ibn Rushd, karne iliyofuata, alimjibu kwamba anayekana sababu anakana elimu. Kwenye daftari la mwanafunzi wawili hawa hawatofautiani: 452 itabaki 452, iwe kwa tabia ya soda au kwa desturi ya Muumba. Tofauti iko kwa mtafutaji. Aliyeridhika kwamba uzito umeshushwa na Mungu ana sababu ndogo ya kwenda kupima hewa, na hapo Ibn Rushd ana hoja nzito.

Ila hata Lavoisier hakusema neno la mwisho. Tangu Einstein, mwaka 1905, inajulikana kwamba nishati inayotoka huondoka na uzito wake. Gramu 12 za makaa safi zikiungua kabisa, uzito unaopungua ni kama nanogramu 4. Mizani ya maabara ya shule haitauona, na mwanafunzi atapewa alama zake zote.