Cha Wote Kina Wenyewe

Watu wa pwani husema kwamba bahari haina mwenyewe. Kauli hii ina maana mbili, na yatupasa kuzipambanua. Maana ya kwanza ni kwamba hapana mtu awezaye kuyazungushia maji ua na kumnyima mwenziwe kitoweo. Hiyo ni maana njema, nayo imejengwa juu ya usawa wa wanadamu. Maana ya pili ni kwamba kisicho na mwenyewe hakina mlinzi, basi kila mtu na achukue apendavyo. Hiyo ndiyo iletayo maangamizi.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa karani kijana katika wilaya moja ya pwani, aliletwa ofisini mvuvi aliyekamatwa na baruti. Nilimwuliza, "Mzee wangu, hujui kwamba baruti huua hata samaki wachanga, na kuyavunja matumbawe ambayo ndiyo makazi yao?" Akanijibu kwa upole, "Najua, mwanangu. Lakini nisipolipua mimi, atalipua jirani yangu. Je, watoto wangu wale nini?" Sikuwa na jibu.

Tangu siku ile nimelitafakari sana neno lake. Matumbawe ni viumbe hai, na mengine hayakui hata sentimita mbili kwa mwaka. Kivunjwacho kwa dakika moja huenda kisirudi katika umri wa mvunjaji. Mzee yule aliyajua hayo. Alichokosa ni imani kwamba jirani yake naye atajizuia.

Imani hiyo haiji kwa amri peke yake. Huko Pemba na Mafia vimekuwapo vijiji vilivyopatana kuifunga sehemu ya miamba yao kwa miezi kadhaa, asivue mtu, ili pweza wakue. Maisha ya pweza ni mafupi, lakini hukua upesi mno. Na jike hutaga mara moja tu, akayalinda mayai yake bila kula mpaka yaanguliwe, kisha akafa. Siku ya kufungua miamba, wanakijiji huingia pamoja maji yakiwa yamekupwa, na kila mmoja ana haki ya kuvua. Aliyejizuia hakudhulumiwa, kwa kuwa jirani yake naye alijizuia.

Wala mwanafunzi wa bara asidhani kwamba hayo hayamhusu. Wahenga walinena: Bahari iliko ndiko mito iendako. Maji ya Ruaha Mkuu huingia Rufiji, na Rufiji humwagika baharini kupitia mikoko iielekeayo Mafia, ambamo kamba na samaki wadogo hulelewa. Udongo wa shamba lililolimwa ovyo mlimani haukomei bondeni.

Basi, kama ningekutana leo na mzee yule, ningemwambia kwamba bahari ina wenyewe, nao ni sisi sote pamoja na wale ambao hawajazaliwa. Tena ningemwomba radhi. Swali lake juu ya watoto wake lilikuwa la haki, na sisi tuliokaa ofisini tulipaswa kumkutanisha na jirani yake kabla ya kumfungulia jalada.