Joto Huenda Wapi?

Ndugu msomaji, huenda ukashangaa mtu kutafuta somo la maadili ndani ya kasha la kompyuta. Hata mimi sikulitafuta humo. Nilichotaka ni kasha dogo tu.

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi. Naishi Mbeya, lakini wateja wangu wengi wako Iringa, mwendo wa zaidi ya kilomita 300, na katika basi kompyuta ya mezani haina pa kukaa ila mapajani. Basi niliazimia kujibunia kasha langu mwenyewe, lisilozidi ukubwa wa ndoo ya lita 10. Nilichora kwa rula, nikakata maboksi ya biskuti kuwa kielelezo, kisha nikampelekea fundi wa bati Mwanjelwa.

Ugumu wa kitu kidogo ni joto. Prosesa hutoa joto lilelile, kasha liwe kubwa au dogo. Ila katika dogo hewa haina nafasi ya kuzunguka. Tena hewa ya nyanda za juu kama zetu ni nyepesi, haina nguvu ya kubeba joto kama ile ya pwani. Hapo ndipo nilipoyageukia maji, kwani lita moja ya maji hubeba joto zaidi ya mara 3,000 kuliko lita moja ya hewa. Si jambo geni: mwaka 1985 ilitoka huko Marekani kompyuta iitwayo Cray-2, ambayo sehemu zake zilibanwa mno hata ikabidi zizamishwe katika kimiminika kisichopitisha umeme.

Mimi nilifanya kwa kadiri ya uwezo wangu: kibamba cha shaba juu ya prosesa, pampu ndogo, mipira miwili, maji ya betri, na rejeta ndogo yenye feni. Niliikataa rejeta ya aluminiamu, maana ikichangia maji na shaba huliwa polepole. Usiku wa kwanza niliwasha pampu peke yake, nikatandaza karatasi laini chini ya kila kiungo, nikakesha nikingoja tone. Halikudondoka.

Kumbe kosa lilikuwa kwingine. Ile rejeta haikunipendeza machoni, nami nilitaka watu waone kitu kidogo, safi, kilichotulia. Nikaifunika kwa bamba laini, nikaacha upenyo mwembamba tu. Kwa baridi ya Mbeya mwezi Juni, na kwa majaribio ya dakika chache, mambo yalikwenda vizuri.

Iringa nilifikia Kihesa, kwa dada yangu mkubwa, anakoishi na baba. Baba aliendesha malori ya Zambia miaka mingi, mpaka kiharusi kilipomkalisha kitini. Nilipoanza kazi, mashine ilizimika. Nikaiwasha, ikazimika tena. Baba akataka nimsogezee. Akaipapasa kwa mkono wake mzima, akauliza taratibu, "Hii rejeta inapumulia wapi?" Akanikumbusha mlima Kitonga: malori yaliyojaa maji hadi juu huchemka vilevile, ikiwa mbele pamezibwa.

Neno lile lilinichoma. Maji hayaui joto, hulihamisha tu. Palipo na ubaridi, pana mahali pengine lilikopelekwa joto lake.

Wakati ule dada alikuwa uani akifua mashuka ya baba, kwa mara ya pili siku hiyo. Katika ukoo wetu mimi husifiwa kwa upole. Sijapata kupaza sauti, na kila mwisho wa mwezi natuma fedha. Dada huambiwa mkali. Nami nilikuwa nikisema hivyo hivyo, kisha naongeza, "Lakini anapenda kumhudumia baba." Hilo ndilo lilikuwa bamba langu laini. Sikuwahi kumwuliza kama analala.

Utasema, ndivyo jamaa zilivyo: hawezi kila mtu kuwa kila mahali, na lazima awepo wa kutafuta na wa kuuguza. Ni kweli. Hakuna mashine ambayo kila kipande chake hujipoza chenyewe, wala sioni dhambi katika kupokezana mzigo. Dhambi naiona katika kuficha mahali mzigo ulipotua, kisha kupanyima hewa. Fedha zangu zilikuwa maji. Zilihitajika, lakini maji pasipo hewa huchemka. Na aliyechemka tukamwita mkali, na aliyepozwa tukamwita mpole, kana kwamba ni tabia za kuzaliwa.

Nililifungua lile bamba. Baadaye fundi alitoboa matundu, na kasha likaongezeka sentimita 3. Halipendezi tena kama zamani, lakini halizimiki.

Dada nilimwomba aende kwa shangazi Mafinga akapumzike wiki mbili. Alinitazama kwa mashaka, akaenda. Siku ya tatu baba alimwaga uji kitandani, na kabla sijajizuia nikasikia sauti inamfokea mzee wa watu. Ilikuwa sauti yangu. Miaka yote hiyo nilidhani sina joto.