Je, Yafaa Kumfunulia Rafiki Mwisho wa Kitabu?

Kijana ameazima kitabu cha hadithi katika maktaba ya parokia. Amefika katikati, na kila jioni, kazi ikiisha, hukimbilia taa apate kuendelea. Rafiki yake aliyekisoma zamani anamkuta barazani, anakiona kitabu mkononi mwake, na papo hapo anasema: «Mwizi ni yule ndugu mdogo, nawe utaona atakavyofia gerezani.» Kijana anafunga kitabu. Rafiki anacheka. Je, rafiki huyo amekosa?

Wengi watajibu kwamba hayo ni maneno ya mchezo tu. Kweli, si dhambi nzito. Lakini mambo madogo huonyesha moyo ulivyo. Aliyeiba kuku aweza kurudisha kuku. Aliyemsingizia mwenzake aweza kuukana uwongo wake mbele ya watu. Aliyefunua mwisho wa hadithi hana la kurudisha, maana sikio likiisha kusikia halisahau kwa amri. Amemnyima msomaji haki ya kufika mara ya kwanza, kwa miguu yake mwenyewe, mahali asipopajua. Tena mara nyingi chanzo si chuki, bali majivuno: ajuaye anataka ijulikane kwamba anajua.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliijua thamani ya kujivumbulia. Mwaka 1521 alijeruhiwa vitani huko Pamplona. Alipokuwa akiuguza mguu wake aliomba hadithi za mashujaa, akapewa maisha ya Kristu na ya watakatifu, nayo yakamgeuza moyo. Katika kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho, kilichopigwa chapa Roma mwaka 1548, anamwagiza mwenye kuwaongoza wengine aeleze kwa ufupi, kwa kuwa jambo alilolivumbua mtu mwenyewe humlisha roho kuliko maelezo mengi. Hata anaona yafaa aliye katika juma la kwanza asijue yatakayofanywa katika juma la pili.

Nabii Natani naye alijua kungoja. Mfalme Daudi alikuwa amemtwaa mke wa Uria na kumwulisha mumewe. Natani hakuanza na mashtaka. Alimsimulia habari ya maskini aliyenyang'anywa na tajiri kondoo wake mmoja. Daudi akawaka hasira, akamhukumu tajiri yule. Ndipo nabii alipomwonyesha kwamba tajiri ni yeye mwenyewe. Kama angaliutanguliza mwisho, labda mfalme angalijitetea badala ya kujihukumu.

Mtu aweza kuuliza: Je, Wakristu hawaujui mwisho wa Mateso ya Bwana, na hata hivyo huyasikiliza kila Ijumaa Kuu kwa machozi? Ndivyo. Hadithi njema haiishi utamu kwa kujulikana. Lakini usomaji wa kwanza ni mmoja tu, na ni wa msomaji mwenyewe. Wala si kila neno la kufichwa. Habari Njema ni deni kwa watu wote, sharti itangazwe. Vilevile rafiki akiuliza kama kitabu chadhuru imani, au kama chafaa kupewa watoto, ajibiwe waziwazi. Kunyamaza hapo si adabu, ni kumwacha mwenzako aangukie shimoni.

Basi marafiki wazungumzeje juu ya vitabu? Aliyetangulia aulize kwanza: «Umefika wapi?» wala asivuke mpaka huo. Aseme habari za watu wa hadithi, tabia zao, na mahali palipomgusa moyo. Mwenzake akikisia yajayo, asimkubalie wala asimkanushie, hata kwa kicheko. Wote wawili wakiisha kumaliza, waseme yote, wabishane usiku kucha.

Akifanya hivyo, aliyetangulia hapati hasara. Kama rafiki yule wa barazani angaliketi na kusikiliza, angalisikia jinsi mwenzake anavyomshuku huyu na kumhurumia yule, na labda angaliliona jambo ambalo yeye, kwa haraka ya kufika mwisho, alilipita bila kulitazama. Afungaye mdomo wake kwa ajili ya rafiki hukisoma kitabu mara ya pili kwa macho ya rafiki huyo.