Toba ya Mwenye Kumpiga Mkewe

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ambaye Bi Aisha (R.A.) amesimulia kuwa hakupata kumpiga mke wala mtumishi kwa mkono wake.

Amma baad. Ndugu Waislamu, imekuwa ada katika miji yetu mke apigwapo hukimbilia kwao. Wazee hukutana, mume husema "nimetubu", kahawa hunywewa, na mke hurudishwa usiku ule ule akiusiwa kusubiri. Je, hiyo ndiyo toba?

Huko Marekani, tangu mwaka 1981 ulipoanzishwa mpango wa mji wa Duluth, korti nyingi zimekuwa zikiwapeleka waume wapigaji katika mafunzo ya kuwarekebisha. Mwaka 1997, katika wilaya ya Broward, jimbo la Florida, wanaume 404 waliohukumiwa kwa kosa hili waligawanywa mafungu mawili. Wote waliwekwa chini ya uangalizi wa korti, na fungu moja likaongezewa mafunzo ya majuma 26. Ulipopita mwaka, haikuonekana tofauti baina yao. Na mwaka 2004 wataalamu waliozipima tafiti 22 kwa pamoja walikuta faida ndogo tu. Lakini Broward ilidhihirisha jambo moja: wasio na kazi ya kutegemewa, yaani wasio na cha kuogopa kupoteza, ndio waliozidi kurejea kosa.

Basi mafunzo si ya kutupwa, ila kusikia mawaidha siko kutubu. Maulamaa wetu wameweka sharti za toba: kuliacha kosa, kulijutia, na kuazimia kutolirejea, na ikiwa ni haki ya mja, kumrudishia mwenyewe haki yake. Neno "nimetubu" halitimizi hata moja katika hizo.

Mwenyezi Mungu katika Sura An-Nisaa, aya ya 35, ameamrisha waamuzi wawili, mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke. Kazi yao isikome usiku wa suluhu. Na warejee baada ya mwezi, na baada ya miezi sita, na baada ya mwaka, wamuulize mke naye yuko peke yake. Mume na alipe gharama ya matibabu. Akirejea kosa, asipewe tena nafasi ya mbele barazani, kwani heshima yake mbele ya watu ndiyo aogopayo kuipoteza.

Na mke anayechelea nafsi yake asilazimishwe kurudi. Aende kwa Kadhi. Na sheria ya Kenya ya mwaka 2015 imeipa korti uwezo wa kutoa amri ya kumlinda. Kufanya hivyo si kuufedhehesha ukoo. Fedheha ni ya mkono uliopiga, na ya wazee waliojua wakanyamaza.

Mwenyezi Mungu atutengenezee majumba yetu. Amin.