Saumu na Kopo la Kupimia

Mji wa Uvira umebanwa kati ya Ziwa Tanganyika na milima, na milima yenyewe iko upande wa machweo. Alasiri jua hufichwa na vilele vya Mitumba kabla halijatua. Kivuli hushuka mitaa ya Kasenga na Mulongwe hadi mchangani, ilhali ng'ambo, upande wa Bujumbura, mwanga bado upo. Aliyefunga tangu alfajiri, koo limemkauka, halioni jua tena. Je, afungue? Mafakihi walikwisha kulijibu swali hili zamani: kufichwa na mlima si kutua. Anayekaa chini ya mlima hakitazami kilele kilicho nyuma yake. Huelekeza macho mashariki, na giza likipanda kutoka huko, juu ya ziwa na uwanda wa Ruzizi, ndipo hujua kwamba magharibi imeingia. Kati ya kivuli cha mlima na magharibi ya kweli kuna muda ambao mja amebaki na Mola wake tu. Akinywa maji katika muda huo, hakuna wa kumkamata. Angeweza hata kunywa saa sita mchana, chumbani, mlango umefungwa, kisha akatoka na kuketi na wenzake kwenye futari kama mmoja wao.

Hapo ndipo ninapoiona siri ya ibada hii, na nasaha zangu zote zinatoka hapo. Sala huonekana: kuna kusimama, kurukuu na kusujudu. Zaka ina mkono unaoipokea. Hija ina safari na umati wa watu. Saumu haina umbo, kwa kuwa ni kuacha, na mwenye kuacha hana cha kuonyesha. Ndiyo maana Mtume, rehema na amani zimshukie, alitufundisha kwamba Mwenyezi Mungu ameifanya saumu kuwa Yake na malipo yake yako Kwake. Mwezi mzima mja hufundishwa kuwa mwaminifu pasipo na shahidi. Ikiwa hilo ndilo somo, basi kipimo cha saumu si ukubwa wa njaa. Kipimo chake ni mahali pengine pasipo na shahidi: mizani, hesabu ya mapato, siri uliyowekewa, neno unalosema juu ya mtu asiyekuwapo.

Ushahidi mkubwa wa hoja hii umo katika mpangilio wa Qur'ani yenyewe. Hukumu za saumu zimekusanywa katika sura ya Al-Baqara, kuanzia aya ya 183 hadi ya 187. Aya ya kwanza inaeleza lengo, nalo ni ucha Mungu. Ya pili inampa nafasi mgonjwa na msafiri. Ya tatu inautaja mwezi wenyewe na kuteremshwa kwa Qur'ani ndani yake, pamoja na kwamba Mola anatutakia wepesi. Ya nne inaeleza ukaribu Wake kwa anayemwomba, na ya tano inapanga mambo ya usiku na mipaka ya alfajiri. Wengi wetu husimama hapo, tukadhani maneno ya saumu yamekwisha. Lakini soma aya inayofuata, ya 188. Hiyo inakataza watu kulana mali kwa batili, na inakataza kuzipeleka mali hizo kwa mahakimu ili kupata haki za wengine kwa dhambi. Wafasiri kadhaa wameutazama ufuatano huo, nami nauona ni hoja nzito: aliyefundishwa kukiacha chakula chake cha halali kuanzia alfajiri hadi magharibi anaambiwa papo hapo aiache mali ya haramu mwaka mzima. Atakuwa na udhuru gani anayeshindwa na la pili baada ya kuliweza la kwanza?

Tena tazama makafara. Aliyeua kwa kukosea, akakosa mtumwa wa kumwacha huru, hufunga miezi miwili mfululizo. Aliyevunja kiapo, akiwa hana uwezo wa kulisha au kuvisha maskini kumi wala wa kumkomboa mtumwa, hufunga siku tatu. Saumu imewekwa penye kosa dhidi ya roho na penye kuvunja ahadi. Na aliyeiharibu saumu ya Ramadhani kwa kumwingilia mkewe mchana, jambo la kwanza aliloamriwa ni kumwacha huru mtumwa, kabla ya kufunga miezi miwili au kulisha maskini sitini. Sheria ilipotaka kumtakasa mwenye kosa, ilianza na shingo ya mwanadamu mwenzake.

Suala hili la utumwa linatuuma sisi wa pwani ya ziwa hili kwa namna yake, na si haki kulificha. Uislamu ulifika kaskazini mwa Ziwa Tanganyika kwa njia ya Ujiji, pamoja na misafara. Waingereza Burton na Speke walifika Uvira Aprili 1858, wakakuta ni kituo cha mwisho kaskazini ambako wafanyabiashara walikuwa wakikubaliwa, na miongoni mwa bidhaa zilizonunuliwa hapo zilikuwamo pembe za ndovu na watu. Kwa hesabu ya Hijria, siku zile zilikuwa za Ramadhani ya mwaka 1274. Miaka ya baadaye Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana kama Rumaliza, aliitawala biashara ya sehemu hii ya ziwa, na vijiji vingi viliionja bunduki ya watu wake. Yeyote aliyefunga ndani ya misafara ile huku amewafunga wenzake kamba aliyashika maneno ya saumu na kuutupa ujumbe wake. Wazee waliotuletea kalima walituletea heri kubwa, nami nawaombea rehema. Kuwaheshimu hakutulazimishi kuunyamazia udhalimu uliopita njia moja na dini.

Atasema msomi: saumu ya msengenyaji ni sahihi kwa wanavyuoni walio wengi, na mwizi wa mizani hadaiwi kadha. Kweli kabisa, wala sipingi. Hakimu wa dini hutazama kilichoingia kooni, na ni rehema kwamba sheria haikumpa mtu mamlaka ya kuipekua mioyo ya jirani zake. Lakini kusihi ni jambo moja na kukubaliwa ni jambo jingine. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliipanga saumu katika daraja tatu: ya watu wote, inayozuia tumbo na tupu, ya watu maalumu, inayozuia ulimi, jicho, sikio, mkono na mguu, na ya wateule wa wateule, inayouzuia moyo usielekee kwingine. Daraja ya kwanza inakuondolea deni. Kuridhika nayo miaka arobaini mfululizo ni msiba. Na Mtume ametuonya kwamba asiyeacha uongo na kuufanyia kazi, Mola hana haja na kuacha kwake kula na kunywa.

Pingamizi zito zaidi ni la njaa, nalo nalisikia kwa masikio mawili. Watu wa hapa, husemwa, wana njaa Rajabu na wana njaa Shaabani. Mafunzo ya njaa ni ya walioshiba. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika ukabomoa nyumba kwa maelfu, na Ramadhani ikaingia kabla ya mwezi ule kwisha. Februari 2025 Bukavu ilipotekwa na waasi wa M23, makumi ya maelfu walivuka Ruzizi kuingia Burundi, mama na mtoto mgongoni, na mwanzoni mwa Machi mfungo ukawakuta kambini. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba saumu imekuja ili aonje taabu ya fukara ni kukosa adabu. Fukara ni yeye.

Basi tuiache hoja hiyo ya kuonja njaa, kwa maana hata aya haikuitaja. Lengo lililotajwa ni ucha Mungu, na huo anauhitaji mwenye ghala na asiye na ghala. Kwa mkimbizi sheria imekwisha kusema: msafiri na mgonjwa wafungue, walipe siku nyingine, na mzee asiyeweza tena alishe maskini kwa kila siku, ikiwa anacho. Anayemkodolea macho ya lawama mama anayenyonyesha kambini amejitwika ukali ambao Mola wake hakuutaka. Kwa yule anayeweza kufunga hali ni maskini, saumu ina heshima ambayo njaa ya kawaida haina. Njaa ya Shaabani alibebeshwa, hii ameichagua. Na mwisho wa mwezi humjia heshima kubwa zaidi. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo Waislamu wengi wa pande hizi huyafuata, Zakatul Fitri haingoji utajiri. Mwenye ziada ya chakula cha usiku na siku ya Idi kwa ajili yake na walio juu yake, pamoja na mahitaji yake ya lazima, huitoa. Aliyezoea kupokea siku zote siku hiyo naye ni mtoaji.

Kuna swali jingine ambalo vitabu vya mbali haviligusi, nalo ni la wavuvi. Ndagala huvuliwa kwa taa, na taa hufanya kazi usiku wa giza. Mwezi mpevu ukiangaza, wavuvi hupumzika. Sasa Ramadhani ni mwezi wa kuandama. Kuanzia usiku wa ishirini na moja mwezi huchelewa kuchomoza, giza likizidi kila usiku. Kwa hiyo kumi la mwisho, ambamo Lailatul Qadri hutafutwa, ndilo kumi la mavuno ziwani. Wakati wenzao wamekaa itikafu, vijana wa Kalundu wanavuta nyavu. Je, wamekosa? Sidhani. Kutafuta riziki ya watoto kwa njia ya halali ni ibada, itikafu ni sunna, na ulimi unaweza kumdhukuru Mungu huku mikono imeshika kamba. Mwenye boti mwenye imani angefanya vyema kuwapa watu wake zamu, kila mmoja apate walau usiku mmoja wa msikiti. Lakini mtihani wa mvuvi hauko pale ninyi mnapoutafuta. Uko alfajiri, boti zikirudi, samaki wakimwagwa, gharama za mafuta zikitolewa kwanza na kilichobaki kikigawanywa. Mwenye boti ndiye anayejua mafuta yaligharimu kiasi gani. Vijana waliokesha hawajui. Huo ndio muda kati ya kivuli na magharibi.

Vivyo hivyo sokoni. Kopo la kupimia mchele lililobonyezwa kitako kwa ndani halionekani likijaa. Mnunuzi huona kilima juu, wala haoni kitako kilichopanda ndani. Mwuzaji huyo huyo asingethubutu kumeza tone la maji mchana. Sura ya Al-Mutaffifin imeanza kwa kuwatishia adhabu wapunjao vipimo, nayo haikutaja mwezi. Ndugu yangu, kama una kopo la namna hiyo, Shaabani ni wakati mzuri wa kulitupa, kabla hujanunua tende.

Nyumbani pia. Baba anayerudi alasiri na hasira, akikagua masufuria na kuuliza kwa nini hakuna sambusa, aone haya: anayemkaripia amefunga kama yeye, tena amesimama motoni. Mtume alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake. Kwa jirani Mkristo, na wengi wa majirani zetu ni Wakristo, usimkunjie uso akila mbele yako. Mwaka 2025 Kwaresima yao ilianza siku chache baada ya Ramadhani yetu, na pengine alikuwa akijinyima usichokijua. Saumu yako ni siri yako. Ukimdai mtu mwingine heshima kwa ajili yake, umeianika.

Fitri, basi, itolewe kabla ya sala ya Idi: pishi moja, yaani vibaba vinne vya chakula kinacholiwa mjini, kama mchele, kwa kila roho ya nyumba. Ipimwe kwa kipimo kizima, na mchele uwe ule ule unaoupika wewe, si uliooza ukakosa mnunuzi. Na aliyebakiza ujira wa wavuvi wake, au wa akina mama wanaomwanikia ndagala juani, awalipe kwanza, mapema, wapate nao kununua mchele wa kutolea fitri za nyumba zao.