Kiwiko cha Guka

Mafundi wa magari ya kale wana jaribio dogo wanalofanya kabla ya kugusa chochote. Wanachukua kitambaa cheupe, wanatia tone la polishi, wanasugua mahali pasipoonekana, tuseme ukingo wa mlango. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, fundi anatabasamu. Hiyo ni rangi ya tabaka moja, haina klia juu yake kama magari ya siku hizi. Na kama ndiyo ile iliyopakwa kiwandani, haijawahi kupulizwa tena, basi una kitu ambacho wapenzi wa michuma ya zamani wanaweza kukigombania mpaka kesho.

Si kwamba gari lililokaa stoo miaka mingi linapendeza. Uso wa rangi umekauka ukawa unga, ukipitisha kidole ni kama umefuta ubao wa shule. Nyekundu imekuwa waridi. Buluu imekuwa kitu kisicho na jina. Ila chini ya huo unga kuna rangi ambayo haijafa. Kuifufua kunataka subira kuliko nguvu. Unaosha polepole ili vumbi lisiikwaruze, unapaka polishi yenye mafuta, unaiacha ilale usiku kucha rangi inywe, kesho yake unarudia. Halafu ndipo unasugua, tena ukijua hesabu: rangi ya kiwandani mara nyingi ina unene wa maikroni 100 hivi, na unywele mmoja wa kichwa ni kama 70. Huna akiba. Ukisugua kwa pupa unafika kwenye praima, na hakuna polishi duniani inayorudisha rangi iliyokwisha.

Hapa ndipo mimi hukwama. Tunasema tumeirudisha rangi asili, lakini ile iliyokaa juu miaka yote, iliyopigwa na jua la barabarani na mvua ya Aprili, iko wapi? Iko kwenye kitambaa, na kitambaa kinaenda jaani. Hii inayong'aa sasa ilikuwa imejificha chini, haikuona kitu. Kuna ile hadithi ya Plutarch kuhusu merikebu ya Theseus, iliyobadilishwa ubao mmoja mmoja mpaka watu wakabishana kama bado ni ileile. Wanafalsafa wameitafuna sana. Lakini kule mbao mpya ziliongezwa. Huku hakuna kilichoongezwa. Tumepunguza tu, tukaita kurudisha.

Utaniambia wacha falsafa, hilo ni gari. Sawa, tuongee pesa. Mwaka 2014, huko magharibi mwa Ufaransa, kulipatikana magari kama 60 yaliyokusanywa na Roger Baillon, mfanyabiashara wa malori aliyetaka kujenga jumba la makumbusho. Biashara ikaanguka miaka ya 1970, mengine yakauzwa, yaliyobaki yakaachwa kwenye mabanda yaliyo wazi na mengine gereji. Moja lilikuwa Ferrari 250 GT California Spider lililowahi kuwa la mwigizaji Alain Delon, limezikwa chini ya rundo la magazeti. Yalipopelekwa mnadani Paris, Februari 2015, walioyauza hawakuyaosha. Yaliwekwa ukumbini na vumbi lake. Hilo Ferrari likaenda kwa zaidi ya euro milioni 16. Vumbi hilohilo huku Nairobi unalipa jamaa wa car wash alitoe, tena unamwambia asisahau magurudumu.

Basi mjue kwa nini nawaza haya. Guka, yaani babu yangu mzaa mama, aliacha Peugeot 504 ya buluu kwenye banda kule Nakuru. Haijatembea tangu nikiwa mtoto. Logibuku inasema buluu, na kitambaa kilisema hivyohivyo tulipokijaribu. Haijapulizwa hata mara moja. Kakangu anataka kuikodisha kwa maharusi, maana siku hizi bibi harusi hataki Prado, anataka kitu cha zamani cha kupiga nacho picha. Yeye anasema ipelekwe Kirinyaga Road ipulizwe yote, wiki moja imetoka mpya. Mamangu anasema isiguswe. Mimi nilikuwa wa polishi, katikati yao, nikidhani hiyo ndiyo njia ya haki.

Halafu kuna mlango wa dereva. Juu yake, pale dirisha linapoishia, rangi imekwisha kabisa, kijivu cha praima kinaonekana, kipande cha ukubwa wa kiganja. Ni kiwiko cha Guka. Aliendesha dirisha likiwa chini, mkono nje, miaka 20 na kitu. Shati lake lilifanya polepole kilekile anachofanya fundi na kitambaa.

Ukisoma wanaojua magari, hiyo ni kasoro. Rangi asili ni ile ya kiwandani, na kila kilichofuata ni uharibifu. Nimejaribu kukubali hilo na nimeshindwa. Kiwandani gari lilipita mbele ya mtu asiyelijua, akalipaka, likasogea likaja lingine. Guka alikaa nalo nusu ya maisha yake ya kazi. Inakuwaje alasiri moja ya yule iitwe asili, na miaka 20 ya huyu iitwe kasoro?

Lakini pia sitaki kumfanya kakangu mjinga, kwa sababu ana hoja ambayo mamangu haipendi. Zile 504 zilizofanya kazi, zile station wagon zilizobeba watu safari ndefu kabla ya matatu za Nissan, hazina rangi asili. Zilipulizwa, zikagongwa, zikajazwa fila, zikapulizwa tena, na pesa zake zikalipa karo. Mwenye kuipuliza hakuwa akimdanganya mtu. Hii ya Guka imebaki na rangi yake kwa sababu alistaafu, petroli ikapanda, ikasimama. Baillon naye ni hivyohivyo: biashara isingeanguka, pengine magari yale yote yangeng'arishwa zamani. Rangi asili mara nyingi ni ushahidi kwamba mambo yalimwendea mtu vibaya. Ukiiabudu, jua pia unaabudu nini.

Kwa hivyo siwezi kusema kupuliza ni uongo. Nasema tu kuna gharama, na anayeilipa hayupo kuulizwa. Msasa ukipita kwenye ule mlango, kitu cha mwisho ambacho mwili wa Guka ulifanya kwenye hii dunia na bado kinaonekana, kinaisha dakika mbili. Polishi nayo haina huruma kama nilivyodhani. Ukiling'arisha gari lote, kile kijivu kitasimama peke yake kama kidonda, wakati sasa hivi kimelala ndani ya uchakavu wa gari zima na hakimsumbui mtu.

Mpaka leo tumekubaliana boneti na buti pekee. Mamangu alisimama pale Jumamosi akihesabu mara ambazo kakangu anapitisha kitambaa, akimwambia, "Inatosha hapo, baba, inatosha." Buluu imeanza kurudi, siwezi kukataa, na ni nzuri kuliko nilivyoikumbuka. Mlango haujaguswa. Kakangu anasema sawa, lakini wateja wa harusi watauliza, na picha zote zinapigwa upande wa dereva.